Matawi Mawili ya Sauti Moja

Ofisini walimwita Mshonaji, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Nguo hakuwahi kushona. Alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, mtu wa miaka arobaini na miwili, mabega yameinama kidogo, mwenye tabia ya kufikiri huku amefumba macho hata wageni wakadhani amelala. Kazi yake hasa ilikuwa kuunganisha. Pale ofisini kila mtu alichukua nakala ya programu, akajitenga nayo, akaibadilisha kadiri alivyoona inafaa. Nakala hiyo iliyojitenga waliiita tawi. Baadaye mabadiliko ya kila tawi yalirudishwa kwenye shina, yaani ile programu moja wanayoitumia wateja. Kurudisha huko ndiko kulikowatoa watu jasho. Watu wawili wakiwa wameugusa mstari mmoja, kompyuta husimama, huweka mishale huku na huku, kana kwamba inasema: hapa kuna maneno mawili, chagua mwenyewe. Wengine walichagua kwa hasira, wengine kwa kubahatisha. Mshonaji alisoma pande zote mbili mpaka akajua kila mmoja alikuwa anataka nini, ndipo akagusa kitufe.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya nne, juu ya duka la magodoro. Harufu ya sponji mpya ilipanda ngazi pamoja na watu, ikajaa vyumbani, na alasiri, jua lilipochujwa na mapazia yaliyopauka, mahali pote palikuwa kama panaelea. Watu saba walifanya kazi humo, na wote saba walipiga miayo. Mkuu wao, mama mrefu mwenye miwani ya kamba, alisema hajui kama anaendesha kampuni au bweni.

Programu waliyokuwa wakiitengeneza iliitwa Kinywa. Ilikuwa ya watu wasioweza tena kusema: unaandika, yenyewe inasema. Tena haikusema kwa sauti ya bati kama mashine za zamani, ilisema kwa sauti yako mwenyewe, ikiwa umewahi kurekodiwa kabla hujaipoteza.

Wa kwanza kurekodiwa alikuwa Mzee wa Stesheni. Huyu alitangaza treni miaka thelathini na mmoja mpaka akastaafu, na mjini hapakuwa na mtu asiyeijua sauti yake. Ilikuwa nzito, laini pembeni, sauti inayokuambia treni yako imechelewa saa mbili na bado ukarudi kwenye benchi lako moyo umetulia. Sasa ugonjwa ulikuwa umemkaa kooni, na madaktari walimwambia waziwazi kwamba watakapouondoa wataondoa na sauti. Hakuuliza kwa nini yeye. Aliuliza tu, "Lini?" Kisha akaja ofisini, akaketi katika chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani, yaliyoazimwa dukani chini ili kuzuia kelele, akasoma sentensi elfu moja na mia nne, siku baada ya siku, akimeza maji ya uvuguvugu katikati.

Sentensi nyingi ziliandikwa na ofisi. Lakini mkewe hakuridhika nazo. "Nani nyumbani anasema 'naomba msaada wa kuvuka barabara'?" aliuliza. Akaleta orodha yake mwenyewe, nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita: Umekula? Pole. Njoo uone. Nani kakwambia? Si hivyo. Mkate upo kabatini. Acha bwana. Mzee akazisoma zote, na hizo ndizo zilizotoka vizuri kuliko nyingine.

Waliopewa sauti hiyo waifanyie kazi walikuwa wawili. Wa kwanza ni Mama Pacha, mama wa watoto wawili waliozaliwa siku moja, mwenye subira ya kuwatosha wote wawili na ziada. Yeye alitaka Kinywa kiseme kama Mzee anavyosema, pamoja na kupumua kwake, kusita kwake, hata kule kumeza mate kabla ya neno gumu. Wa pili ni yule waliyemwita Umeme, mwanamume mwembamba anayekula amesimama, ambaye alitaka Kinywa kijibu haraka. Kila sehemu ya sekunde aliyoipunguza aliishangilia peke yake kwa kugonga meza.

Wawili hao hawakupikika chungu kimoja tangu siku ile ya mkutano, Umeme alipoiita kazi ya mwenzake konokono. Mama Pacha alichukua laptopu yake akahamia chumba cha nyuma, na tawi lake akahama nalo. Umeme naye akabaki na lake chumba cha mbele. Miezi mitano ikapita hakuna aliyerudisha mstari hata mmoja kwenye shina. "Tutaunganisha mwishoni," kila mmoja alisema, kama watu wanavyosema watapanga stoo.

Jumatatu moja asubuhi simu ililia mezani kwa Mkuu. Alikuwa mke wa Mzee. Madaktari walikuwa wamempima tena, wakaona ugonjwa hausubiri. Upasuaji uliokuwa umebakiza miezi miwili ulivutwa karibu, ukawa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Siku kumi na moja. Na Mzee alikuwa na ombi moja tu. Alitaka kukisikia Kinywa kabla hajaingia chumba cha upasuaji, angali na sauti yake ya kulinganisha.

Mkuu aliburuta kiti mpaka mezani kwa Mshonaji.

"Kaka, nina kazi."

"Matawi mangapi?"

"Mawili tu."

"Yametengana tangu lini?"

Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Miezi mitano."

Mshonaji alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba Mkuu aligeuka kuangalia kama kuna mtu mwingine wa kumuuliza.

"Nitajaribu," akasema mwishowe. "Lakini nisisemeshwe."

Alipoziamuru nakala mbili zikutane, kompyuta ilihesabu migongano mia tatu kumi na miwili. Aliitazama hesabu hiyo, akaenda kuchemsha chai, akarudi, akaanza na wa kwanza.

Kila badiliko katika tawi huhifadhiwa pamoja na maelezo mafupi ya aliyelifanya, tarehe yake na saa yake. Mshonaji alianza hapo, kwenye maelezo, kama mtu anayesoma barua za watu wawili wasioandikiana. Ya Mama Pacha yalikuwa marefu: "Nimeweka pumzi kabla ya neno 'samahani', maana Mzee huvuta pumzi hapo. Nimemsikiliza mara tisa." Ya Umeme yalikuwa mafupi: "Haraka zaidi." Chini yake: "Haraka zaidi tena." Chini yake, siku ya Jumapili ambayo mtu mwingine angekuwa amepumzika: "Bado."

Kila alipounganisha mistari michache alivaa hedifoni akasikiliza kama sauti imebaki nzima. Siku nne alifanya hivyo, toka asubuhi mpaka jua linapokuwa jekundu mapaziani. Ikawa sauti ya Mzee haimtoki masikioni. Alikuwa akishuka ngazi za ofisi, anaisikia. Alikuwa akioga, anaisikia ikimuuliza kama amekula. Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, mjane aliyemlea kama mwanawe, na jioni moja dada huyo alimuuliza ameliweka wapi kopo la chumvi. Mshonaji akatulia, akavuta pumzi, akasema kwa sauti nzito, "Lipo kabatini."

Dada alimtazama. "Mbona unaongea kama unatangaza?"

"Nimeongeaje?"

"Nilitaka kushika begi langu nikapande treni."

Alhamisi alasiri, baada ya mgongano wa mia mbili na kitu, usingizi ulimchukua mezani, hedifoni masikioni, sauti ikiendelea. Akajiona yuko stesheni. Reli zilikuwepo, majani mafupi yameota katikati yake, lakini treni hazikuwepo na hakuna aliyezitazamia. Watu walikuwa wameketi kwenye mabenchi na mizigo yao magotini, wametulia kama walioko sebuleni kwao, na kutoka kwenye spika za darini sauti ya Mzee iliwatangazia mmoja mmoja. Abiria wa benchi la tatu, mkate upo kabatini. Bibi mwenye kitambaa cha bluu, njoo uone. Kijana uliyesimama karibu na saa, pole. Na kila aliyetajwa alitikisa kichwa kwa shukrani, akainuka na mzigo wake, akaondoka taratibu, hata mabenchi yakabaki matupu yote isipokuwa lake. Mshonaji akangoja atajwe. Spika zikakwaruza kidogo, kama mtu anayesafisha koo, zikanyamaza.

Alizinduka. Kwenye hedifoni hapakuwa na kitu. Faili lilikuwa limefika mwisho.

Alijifuta uso akarudi kazini, na mgongano uliofuata ukamchekesha. Lilikuwa faili namba mia sita na kumi na moja. Siku ya kurekodi, kiti cha Mzee kilivunjika mguu mmoja katikati ya sentensi, naye akacheka, kicheko kirefu cha tumboni ambacho mwanzoni alikuwa amegoma kukirekodi, akisema mtu hachekeshwi kwa amri. Umeme alilifuta faili hilo, na maelezo yake yalikuwa neno moja: "Kelele." Mama Pacha alikuwa amelipa faili hilo kitufe chake peke yake. Hapo Mshonaji hakuhitaji hata kufumba macho. Akakibakiza kicheko.

Mgongano wa mwisho, alioufikia Ijumaa, haukumpa nafasi ya kucheka. Ulikuwa ndani ya faili dogo la mistari arobaini linaloamua Kinywa kinyamaze muda gani kabla ya kujibu. Mama Pacha alikuwa ameandika upya mistari yote arobaini, na Umeme pia alikuwa ameandika upya yote arobaini. Katika tawi la mmoja Kinywa kilingoja, kikavuta pumzi, kikasema. Katika tawi la mwingine hakikungoja chochote. Kilijibu kidole kikiwa bado hewani.

Akaenda chumba cha nyuma. Mama Pacha alikuwa akimenya chungwa juu ya karatasi.

"Ule ukimya," Mshonaji alisema. "Ni lazima?"

"Kaka, mtu asiyevuta pumzi ni maiti. Unataka mke wa Mzee aongee na maiti?" Akamkatia kipande cha chungwa. "Kula. Umekonda."

Akaenda chumba cha mbele. Umeme hakuwepo, alimkuta kwenye ngazi, ameegemea ukuta, anakula mkate.

"Unataka kuniuliza kuhusu lile faili," Umeme alisema kabla hajaulizwa, maana ndivyo alivyokuwa.

"Ndiyo. Kwa nini haraka hivyo?"

Umeme alitafuna kwanza. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Mshonaji alimwona akichelewa kujibu.

"Nilikuwa na mjomba," akasema. "Alipata kiharusi, mdomo ukafa. Tukamtafutia mashine ya kuongea. Anaandika, anabonyeza, mashine inafikiri. Inapokuja kusema, watu wameshahamia habari nyingine. Au wamemmalizia sentensi, tena vibaya. Mwisho akaacha kuandika. Akawa anakaa tu sebuleni anatutazama." Akakunja karatasi ya mkate ikawa ndogo sana. "Mama Pacha anadhani nachukia sauti ya Mzee. Mimi sitaki akatwe kauli, basi."

"Ulimwambia hayo?"

"Hajaniuliza."

Mshonaji alirudi mezani akakaa mbele ya ile mistari themanini. Angeweza kuchagua upande mmoja na kwenda nyumbani. Alijua pia kwamba yeyote atakayemchagua, mwenzake atakuwa na haki ya kumlaumu. Siku iliyofuata, Jumamosi, alizitia nakala zote mbili kwenye laptopu moja akaenda kwa Mzee.

Nyumba ilikuwa ndogo, safi, yenye mwanga mwingi. Mzee aliketi karibu na dirisha, skafu shingoni, saa ya mfukoni juu ya kofia yake mezani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Sauti ilikuwa imekwaruzika, kama ile ya rekodi imeachwa nje ikanyeshewa. "Wewe ndiye mshonaji? Nipime basi."

Mkewe alicheka jikoni. Akaja akifuta mikono, akaketi, na Mshonaji akawawekea Kinywa cha kwanza, kile cha haraka. Akamwomba mama amuulize mumewe jambo lolote. Mama akauliza, "Leo tutakula nini?" Mzee akagusa kitufe chenye jibu lililoandikwa tayari, na sauti yake ikaruka: "Chochote!"

Mama alishtuka, akashika kifua.

"Hapana," akasema. "Hapana, mwanangu. Huyu nimeishi naye miaka thelathini na sita, hajawahi kunijibu papo hapo hata siku moja. Namuuliza neno, anatazama pembeni, anameza mate, ndipo anajibu. Mimi humo kwenye kunyamaza ndimo ninamojua kama jibu ni zuri au baya. Sasa hii inanijibu mbiombio, nitajuaje? Nitaona kuna mwanamume mwingine humu ndani."

"Ungefurahi," Mzee alisema.

"Acha bwana."

Mshonaji akaweka nakala ya pili, ile ya kungoja. Mama akauliza tena lile lile. Ukapita muda, pumzi ikavutwa ndani ya mashine, kisha taratibu: "Chochote." Mama alitazama sakafu, akapangusa pindo la gauni lake ambalo halikuwa na vumbi.

"Basi ni hii," alisema Mshonaji kwa sauti ya chini.

"Ngoja," Mzee akasema. "Ngoja kwanza. Nyumbani, sawa. Dirishani pa stesheni je? Mtu amekuja mbio, jasho linamtiririka, mkoba mkononi, anauliza treni ipo au imeondoka. Ukimvutia pumzi huyo, umemuua. Kule nilikuwa najibu hajamaliza kuuliza. Na simu nayo? Na dukani? Nikinyamaza dukani watamhudumia wa nyuma yangu."

"Kwa hiyo Mzee, haraka au taratibu?"

Mzee alitazama dirishani. Akameza mate, ikamuuma, akafinya jicho. Mkewe na Mshonaji wote wawili walingoja.

"Kwani wewe," akasema mwishowe, "unaongea na askari kama unavyoongea na dada yako?"

Njiani kurudi Mshonaji alitembea bila kuona alipopita. Jumatatu alifuta mistari yote themanini, ya huku na ya huko, akaandika mipya thelathini na mitano ambayo haikuwahi kuwemo katika tawi lolote. Sasa Kinywa kilijua kinaongea na nani. Kwa mke na watu wa nyumbani kilingoja na kuvuta pumzi. Kwa simu, dukani na mbele ya wageni kilijibu mara moja. Na Mzee mwenyewe aliweza kubadili kwa kutelezesha kidole. Haikuwa kazi ndogo, kwa sababu alitaka kubakiza kila alichokijua Mama Pacha kuhusu pumzi ya Mzee na kila hila aliyoigundua Umeme ya kuokoa muda. Jumatano saa nne asubuhi migongano yote ilikuwa imekwisha. Kompyuta haikulalamika tena. Akawaita wote, wakasimama nyuma yake, Mama Pacha kulia, Umeme kushoto, Mkuu katikati.

Akaandika: Nimechoka kidogo. Akabonyeza.

"Nimechoka kidogo," kilisema Kinywa upesi. Halafu, baada ya pumzi ndefu, kwa uzito na huruma: "Nimechoka kidogo."



Akaandika: Nani kakwambia?

"Nani kakwambia?" Pumzi. "Nani kakwambia?"

Umeme ndiye aliyeanza kucheka. Aliinama, akashika magoti. "Mzee na kaka yake!" akasema. Mama Pacha alijikaza, akajikaza, kisha naye akaangua kicheko mpaka akatafuta pa kukalia. Mkuu alivua miwani kufuta machozi. Mshonaji peke yake hakucheka, roho ilikuwa juu. Kesho yake Mzee alikuwa anakuja.

"Mgongano upo wapi?" Mkuu aliuliza.

"Haupo," Mshonaji alisema. "Hilo ndilo tatizo. Hawakugusa mstari mmoja hapo, kwa hiyo kompyuta haikuona ugomvi. Kila mmoja alimwambia Mzee aseme, kila mmoja mahali pake, na yeye ametii wote wawili."

"Mimi amri hiyo niliiweka karibu na kibodi," Umeme alisema. "Ili isipoteze muda njiani."

"Mimi niliiweka baada ya pumzi," alisema Mama Pacha. Akamgeukia. "Ulifupishaje njia hiyo? Mimi nilihangaika nayo wiki nzima."

"Njoo nikuonyeshe."

Wakavuta viti viwili mbele ya skrini ya Mshonaji, bila kumwomba ruhusa, bega kwa bega, wakaanza kunyoosheana vidole kwenye mistari. Mshonaji akasogea pembeni, kisha akasogea zaidi, mwishowe akajikuta amesimama dirishani na kikombe chake. Alimsikia Umeme akisimulia, kwa sauti ya chini, habari za mjomba wake, na Mama Pacha akisema, "Mbona hukuniambia?" Saa sita mstari mmoja ulifutwa. Mzee akabaki mmoja.

Alhamisi, Mzee alipanda ngazi zote za ghorofa nne kwa miguu yake, akipumzika kila kituo, mkewe nyuma na begi la hospitali. Alivaa koti. Aliketi mbele ya laptopu kama mtu aliyeletwa kupatanishwa na ndugu yake.

"Nimpe shikamoo au anipe yeye?" aliuliza.

Mshonaji akamwonyesha pa kuandika. Mzee aliandika kwa kidole kimoja, polepole: Habari za leo. Kinywa kikavuta pumzi, kikasema. Mzee akasikiliza, kichwa ameinamisha upande. Kisha akafungua mdomo, akasema mwenyewe, kwa ile sauti iliyobaki, "Habari za leo." Akabonyeza tena. Akasema tena. Walipokezana hivyo mara nne au tano, sauti nzima na sauti iliyochakaa, na alasiri ile ya mapazia yaliyopauka na harufu ya sponji ikawa haina mwendo kabisa. Hata magari barabarani yalisikika kwa mbali, kama ya mji mwingine.

"Kijana zaidi yangu," Mzee alisema mwishowe. "Lakini namfahamu."

Akamgeukia mkewe. Alionekana kama anataka kumwambia neno kwa sauti yake mwenyewe, akiwa bado nayo, na wote wakatambua, wakajitia wana shughuli. Umeme alifungua droo tupu. Mama Pacha alimshika Mkuu mkono akamtoa nje. Mshonaji alibaki akifunga waya ambao haukuhitaji kufungwa. Hakusikia Mzee alisema nini. Alimsikia mama tu, akijibu, "Najua. Najua."

Upasuaji ulichukua saa saba, na Mzee alilala hospitali wiki tatu. Mshonaji alipokwenda kumwona nyumbani ilikuwa asubuhi ya jua tulivu. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekwenda sokoni, na Mzee aliketi mahali pake pa dirishani, kitambaa cheupe shingoni, Kinywa magotini. Alimwashiria mgeni akae. Kabla hajaandika neno, simu ilianza kulia.

Mshonaji aliinuka nusu ili aipokee. Mzee alimzuia kwa kiganja. Akatelezesha kidole, akaweka simu kwenye spika karibu na mashine.

"Haloo, fundi!" ilisema sauti ya mwanamume, yenye haraka na upepo ndani yake. "Lile kabati langu limefikia wapi?"

Ilikuwa namba iliyokosewa. Vidole vya Mzee vikakimbia. "Ndugu yangu, umekosea namba," Kinywa kilisema mara moja. "Mimi si fundi."

"Ah! Samahani, mzee wangu. Basi huyu fundi ameniponza, wiki ya nne hii. Ananiambia kesho, kesho."

"Kabati la aina gani?"

"La nguo. Milango miwili."

"Mbao gani amekuambia?"

Wakaingia kwenye mbao. Kutoka kwenye mbao wakaingia kwenye bawaba, kutoka kwenye bawaba wakaingia kwenye mafundi kwa jumla, na mtu yule akacheka mara mbili, na Mzee akamwelekeza kwa fundi mwingine, nyuma ya shule, karakana yenye geti la kijani, aseme ametumwa na mtu wa stesheni. Dakika kumi zilipita. Mtu yule aliwahi kumkatiza Mzee mara moja tu, kama watu wanavyokatizana, naye Mzee akamkatiza vilevile.

"Ahsante sana, mzee wangu. Mungu akupe afya."

"Haya. Salimia nyumbani."

Simu ikakatika. Mzee aliketi, mikono juu ya magoti, uso umemnyooka kama wa mtu aliyetoka kuoga. Akamwonyesha Mshonaji simu kwa kidole, kisha akajionyesha koo, kisha akatandaza viganja: hakujua. Yule hakujua kitu.

"Hakujua," Mshonaji alisema.

Nje sauti ya mama ilisikika ikiagana na mtu barabarani. Aliingia na kikapu, akawatazama wote wawili, akaona kuna jambo. "Mlikuwa mnaongea na nani?"

Mzee akaanza kuandika. Aliandika kwa muda mrefu, akifuta na kuandika upya, maana sasa alikuwa na hadithi. Mama akaweka kikapu chini, akavuta kigoda akaketi karibu naye. Mshonaji aliegemeza kichwa kwenye kiti kile chenye jua, akafumba macho, na safari hii hakuwa anafikiri lolote.